Sarafu ya Babu Isiyosuguliwa

Methali isemayo "vyote ving'aavyo si dhahabu" hutuonya tusipumbazwe na mng'aro wa nje. Huko Potosí, mji uliolelewa na migodi ya fedha, onyo hilo ni gumu kumeza. Kila Agosti, kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Bartolomeo, akina mama husugua kila kitu cha fedha kwa majivu na ndimu, na ole wake mwenye kijiko cheusi.

Siku hizo za sikukuu, wakusanyaji wa sarafu walishindania jambo moja. Sarafu bora ingewekwa mwaka mzima katika kabati la vioo la chama chao, na jina la mmiliki wake wa kwanza chini yake. Bi Saturnina Choque alitaka hapo liandikwe jina la babu yake Hilarión, mchimbaji aliyefukiwa mgodini asipate hata kaburi. Babu alimwachia sarafu moja tu ya fedha, imefungwa katika karatasi ya mkate. Miaka sitini ndani ya karatasi ilikuwa imeipaka zambarau, samawati na manjano ya asali.

"Shangazi, utatuaibisha," alisema Wilma, binti wa kaka yake, majivu tayari mkononi. "Watasema nyumba hii imekosa hata ndimu."

"Waache waseme. Ukiigusa, hayo majivu utayala wewe."

Katika ukumbi wa chama, sarafu ya jirani yao, Mzee Teófilo, iling'aa kama sufuria mpya. Ilikuwa ya mwaka uleule na ya Bi Saturnina.

"Jirani, hiyo umeiokota jikoni?" mzee alimtania.

Bi Saturnina aliisogeza sarafu yake mbele ya mwamuzi.

Mwamuzi aliinamia sarafu ya mzee kwa lenzi, akaguna. "Umeisugua lini?"

"Juzi. Na jana nikarudia."

"Umeikwangua, mzee. Ona mikwaruzo. Kilichokwanguka hakirudi tena."

Kisha akaigeuzageuza ya Bi Saturnina. "Si kila weusi ni pambo, mama. Lakini rangi hii imekuja yenyewe, polepole, na chini yake mng'aro wa siku ilipopigwa chapa ungalipo. Haijapunguza thamani, imeiongeza."

Jina la Hilarión Choque likaandikwa kwa wino mweusi. Wilma alilisoma mara mbili kwa sauti, machozi yakimlengalenga, na shangazi yake akavimba kwa fahari, ambayo ilikuwa haki yake.

Mzee Teófilo alivua kofia mbele ya kabati. "Kumbe yangu nimeiua kwa ndimu," alisema.

Hakika, vyote ving'aavyo si dhahabu.