Ufunguo Uliofungiwa Ndani

Hapo zamani, tena si zamani ya mababu bali zamani ya juzi tu, pale Morogoro palikuwa na watu waliopenda mchezo mmoja wa mezani. Mtu mmoja hushika kijitabu cha kisa na kuwaongoza wenzake. Wenzake kila mmoja huwa shujaa wa kubuni, huyu ana upanga, yule ana uganga, na kila mmoja husema shujaa wake anafanya nini. Pakiwa na mashaka, dadu hutupwa. Dadu ndiyo huamua kama shujaa ameruka shimo au ametumbukia.

Basi palikuwa na Mwalimu Mkude, mwalimu mstaafu wa jiografia. Huyu alitunga kisa akakiita Nyoka wa Ikulu ya Chini. Alikiandika miaka na miaka, hadi mkewe akawa anamkaribisha kula kwa kusema, "Nyoka asubiri, ugali unapoa." Kilisimulia habari za nyoka mwenye vichwa vitatu aliyeiba mvua ya nchi nzima, akaitia mtungini na kuificha katika ikulu iliyo chini ya ardhi. Mashujaa washuke, wairudishe. Mwisho wa yote kikachapishwa, kikauzwa, na mwalimu akawa anatembea mjini kifua mbele.

Mwaka huo wachapishaji walitangaza Ngao ya Kisa Bora. Atakayeipata ndiye atakayepewa kazi ya kutunga kisa kikubwa kijacho, na jina lake likae juu ya jalada. Mwamuzi alikuwa Bwana Herieli, mtu wa kuogopwa. Kuna kijitabu alichowahi kukihukumu kwa maneno manne tu: "Karatasi yake ni nzuri." Tena hakuwa mtu wa kuhukumu kwa kusoma peke yake. Alikuwa akisema, "Mchuzi hauhukumiwi kwa kusomewa majina ya viungo." Alitaka akae pembeni, kisa kichezwe, aone.

Kisa cha mwalimu kikachezwa Jumapili mchana katika saluni ya Mashavu, msusi. Mashavu alishika kijitabu. Wachezaji walikuwa Kobelo na Shomari, mafundi pikipiki waliotaka kupigana na kila kitu, pamoja na Bi Sikudhani, mzee wa baraza la kata lisikilizalo mashauri ya watu, aliyekuja siku moja kusukwa akaombwa ajaze nafasi, tangu hapo haondoki. Shujaa wake alibeba shoka kubwa ambalo hajawahi kulitumia. Mwalimu Mkude alikaa kwenye kona, mikono katikati ya magoti. Alikuwa amekatazwa kusema neno.

Mashavu akaanza kusoma. Wakashuka ngazi za mawe, wakasikia maji yakidondoka mahali wasipopaona, wakanusa udongo ambao haujawahi kuona jua. Nje jua lilikuwa likichoma mabati, lakini Kobelo alivuta kofia hadi masikioni kwa baridi ya ile ikulu. Bwana Herieli akaandika kitu. Mwalimu akatabasamu.

Wakafika kwenye mlango wa shaba.

"Tunauvunja," alisema Kobelo. Mashavu akasoma: mlango huu hauvunjiki.

"Tunauchoma," alisema Shomari. Mashavu akasoma: mlango huu hauungui.

"Basi tunatafuta ufunguo," alisema Bi Sikudhani.

Mashavu akafunua ukurasa wa pili. Akasoma kimya. Akarudia kusoma. Ufunguo ulikuwa umetundikwa ukutani, chumbani mwa nyoka, nyuma ya mlango uleule. Akamtazama mwalimu. Mwalimu akaitazama mashine ya kukaushia nywele.

Mashavu akakifunika kijitabu. "Kwenye kizingiti amelala jini mzee," alisema. "Ni bawabu. Anawaambia, 'Nilitoka kutafuta chumvi, mlango ukajifunga nyuma yangu. Karne nzima sasa. Naona aibu kubisha.'"

"Bisha, baba," alisema Bi Sikudhani. "Aibu ya kubisha ni ya mara moja."

Jini akabisha. Kitasa kikazunguka kwa ndani, mlango ukafunguka, na nyoka akachungulia na vichwa vyake vyote. "Umechelewa," kimoja kikasema. "Mchuzi ulishapoa."

Shomari alicheka hadi akashika meza. Hata Bwana Herieli alifunika mdomo kwa kitambaa.

Sasa kuhusu nyoka huyo kijitabu kilisema hivi tu: vichwa vyake vitatu havipatani. Baada ya hapo ni vita, kurasa na kurasa za vita. Kobelo akachomoa upanga. Shomari akainua mkuki. Bi Sikudhani akaliweka shoka chini.

"Subirini," alisema. "Kama hawapatani, hilo ni shauri. Mlalamikaji ni nani hapa?"

Mashavu hakulitarajia hilo, lakini akalishika. Kichwa cha kulia kikalalamika kwamba cha kati kinakoroma. Cha kati kikajibu kwamba kinakoroma kwa sababu cha kulia kinakilalia.

"Na wewe wa kushoto?" aliuliza Bi Sikudhani. "Mbona kimya?"

Mashavu akashusha sauti. "Mimi sijawahi kuulizwa," alisema. "Mvua niliiba mimi. Niliona watu huifuata mvua popote iendapo. Nikasema, labda watakuja na huku."

Kobelo alirudisha upanga alani bila kuambiwa. Bi Sikudhani akafuta macho kwa ncha ya khanga, kisha akahukumu: mtungi urudi juu, na kila masika nchi itume mtu kushuka kumjulia hali kichwa cha kushoto. Dadu ikatupwa kuona kama nyoka atakubali. Ikatua vizuri. Akakubali.

Wote wakasema hawajawahi kucheza kisa kizuri kama hicho. Bwana Herieli naye alikiri. Ndipo ugomvi ukaanza.

"Ngao ni yangu," alisema Mwalimu Mkude. "Ikulu niliijenga mimi. Ugomvi wa vichwa niliuandika mimi. Nimeuandika kwa mstari mmoja, kweli, lakini mbegu nayo ni moja."

"Shikamoo, mwalimu," alisema Mashavu. "Mji wa jirani walikicheza kijitabu hichohicho. Walifika mlangoni, wakakosa ufunguo, wakaenda nyumbani. Sasa hivi kinafungia karanga. Bawabu nilimleta mimi. Kichwa cha kushoto kilisema kwa mdomo wangu. Ngao ni yangu."

"Marahaba, binti. Mwezi uliopita si uliongoza kisa cha mtu mwingine hapahapa? Wachezaji walilala wote. Kobelo alianguka kutoka kwenye kiti."

"Nilianguka," alisema Kobelo.

Bi Sikudhani akakohoa. "Wanangu, mimi sikuja kutafuta ngao. Lakini kama inagawiwa kwa haki, haki na isemwe. Mwalimu aliandika vita. Mashavu alikuwa tayari kwa vita. Aliyefungua shauri ni mimi. Bila mimi mngemkata nyoka vichwa, na cha kushoto kingekufa hakijaulizwa."

"Bibi, kwa heshima," alisema Mashavu, "si ulifungua shauri kama hilo kwenye meza ya watu wengine, mbele ya majambazi?"

Bi Sikudhani akakubali kwamba alifungua. Majambazi waliwachinja mashujaa wote kabla mlalamikaji wa kwanza hajamaliza kutaja jina lake. Mwongozaji wa meza ile hakujua kusikiliza.

Bwana Herieli akaenda nyumbani na mzigo huo. Aliulizwa jambo jepesi tu, kijitabu hiki ni kizuri au kibaya? Akikisoma, aliona mlango usiofunguka. Akikumbuka saluni, alicheka peke yake, kisha akatamani kushuka kumsalimia nyoka.

Siku ya kutoa ngao ikafika. Ukumbi ukajaa. Mwalimu alivaa suti ya harusi yake. Mashavu alifunga saluni kabla ya kuwamaliza wateja, wakaja naye, nywele nusu zimesukwa. Bi Sikudhani alikaa mbele kabisa, akisema amekuja kusindikiza tu. Bwana Herieli akasimama, ngao mikononi, akafumbua mdomo. Kisha akaomba maji ya kunywa.

Mwacheni anywe taratibu, maana ngao ni moja na haikatiki vipande. Ninyi mliokaa hapa mkisikiliza, nisaidieni. Mwenye ikulu alifungia ufunguo ndani, mwenye sauti alibisha mlango usio wake, mwenye shoka hakulitumia. Je, ngao mngemkabidhi nani?