Doa Lililomfuata Mtoto

Ndugu zangu, fungeni vitabu vyenu kidogo mniangalie. Neno limeshasomwa, tutalirudia. Kwanza nataka niwaambie habari ya mtu mmoja na kamera yake.

Mtu huyu alikuwa mpiga picha kule Tukuyu. Jina lake naliacha, maana si jina tunalolitafuta. Tukuyu mnaijua: mvua, ukungu, halafu mvua tena. Ukiingia kanisani saa nane mchana utadhani jua limeshazama. Sasa mpiga picha anakula kwa mwanga. Mwanga ukiwa haba, jasho linamtoka.

Kamera yake ilikuwa ya kidijitali, lakini ya ile namna ya kuchungulia. Juu pembeni ina kidirisha kidogo. Ukitazama mle ndani unaona picha mbili za kitu kimoja, zimepishana kidogo, kama mtu aliyesimama na pacha wake. Unazungusha pete ya lenzi taratibu mpaka zile mbili zikae pamoja, ziwe moja. Hapo ndipo unabonyeza. Ni kazi ya mkono na subira, na yeye aliipenda. Watu walisema, "Huyu anakusoma kwanza, picha baadaye."

Alikaa nayo miaka tisa. Halafu ikatoka mpya. Namna ileile, kidirisha kilekile, ila hii inaona gizani kama paka. Mfanyabiashara mmoja wa Mbeya alikuwa nayo moja tu, akampigia simu.

"Nakushikia mpaka Ijumaa saa sita mchana," akamwambia. "Kuna mtu wa Tunduma anaitaka. Lete hiyo ya zamani fundi aikague, uongezee kidogo, uondoke na mpya. Saa sita ikipita, usinilaumu."

Basi, raha ikamwisha. Ninyi mmewahi kukitaka kitu hivyo? Asubuhi anasema nanunua. Mchana anakumbuka akiba aliyo nayo ni ya kuezekea nyumba, anasema bati kwanza. Jioni anaona ukungu unashuka mlimani, anasema bila kamera mpya sina kazi. Mkewe, Tusajigwe, akamuuliza, "Baba Subi, hiyo uliyonayo ina kosa gani?"

"Imezeeka," akajibu. "Imeanza kuweka madoa kwenye picha."

Hakumwambia madoa hayo yako wapi. Nisikilizeni vizuri hapa.

Tangu Pasaka, kila alipompiga picha binti yao Subilaga kwa flashi, kulitokea kitu. Subilaga alikuwa na miaka miwili na nusu. Katika jicho lake la kushoto, pale kwenye mboni panapopaswa kuwa peusi, palitokea doa jeupe. Jeupe kama ganda la yai. Mara ya kwanza baba alishtuka. Mara ya pili akaikasirikia kamera. Mara ya tatu akafungua kompyuta, akachukua weusi wa jicho la kulia, akaubandika kwenye jicho la kushoto. Mtoto akapendeza. Picha ikatiwa fremu, ikatundikwa ukutani sebuleni. Toka hapo ikawa desturi: anapiga, anaona doa, anafuta.

Siku moja Tusajigwe alikuwa anamwogesha mtoto. Akaita, "Baba Subi, njoo uone. Hili jicho nikilitazama kwa upande linameta. Na juzi kagonga mlango upande huuhuu, kama hakuuona."

Baba hakuinuka. Alikuwa anasoma habari za kamera. Akasema, "Mama Subi, mimi kazi yangu ni macho ya watu. Nenda katazame picha ile ukutani. Jicho lina kosa gani?"

Tusajigwe akaenda na mtoto mgongoni, akasimama mbele ya ile picha. Akatazama. Jicho la kulia jeusi. Jicho la kushoto jeusi. Angebishana na nani?

Ijumaa wakaenda Mbeya wote watatu. Mume alisema kamera hulinganishwa kwa sura moja, na hakuna sura aliyoijua kuliko ya mwanawe. Wakafika dukani saa tano na robo. Yule mtu wa Tunduma alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti na mkoba wake magotini, macho kwenye saa ya ukutani. Mama akabaki kizingitini na mtoto. Baba akaiweka kamera yake juu ya meza ya fundi, mzee mmoja aitwaye Mwakipesile.

Fundi akaifungua, akapuliza, akachungulia. Akasema, "Kamera nzuri hii. Kidirisha kimekaa upande kidogo, nitakinyoosha. Kwa nini unaiacha?"

"Inaweka doa jeupe."

"Wapi?"

"Kwenye jicho la mtoto," akasema, kwa sauti ya chini.

Fundi akainua kichwa. "Nionyeshe picha ambazo hujazigusa."

Alikuwa nazo. Mpiga picha hatupi picha zake za kwanza. Akafungua kompyuta yake aliyokuja nayo, fundi akaanza kupitisha moja moja. Ya kwanza. Ya pili. Alipofika ya saba akasimamisha mkono.

"Ndugu yangu," akasema, "doa la kamera hukaa mahali pamoja. Likiwa kona ya kulia, litakuwa kona ya kulia harusini, litakuwa kona ya kulia msibani, hata ukipiga ukuta mtupu. Sasa tazama. Hapa mtoto yuko kushoto, doa liko kushoto. Hapa amekaa katikati, doa liko katikati. Hapa amebebwa na bibi, doa limepanda juu pamoja naye. Na watu wengine wote hapa hawana. Hili haliko kwenye kamera. Linamfuata mtoto."

Mnadhani alifanya nini? Mtu akiambiwa neno kama hilo, si angeinuka akambeba mwanawe? Hapana. Akasema, "Basi ni flashi. Flashi ya zamani. Nipeni hiyo mpya."

Mwenye duka akasema, "Saa sita kasoro dakika kumi."

Akaipokea kamera mpya. Akamwita mkewe amkalishe mtoto kwenye kigoda. Akapiga goti. Katika kile kidirisha akawaona Subilaga wawili, akazungusha pete, wakawa wanapishana, wanakutana, wanapishana tena. Mwisho wakawa mmoja. Akabonyeza.

Ndugu zangu, kamera ile ilikuwa nzuri kweli. Hawakumdanganya. Kope za mtoto ungeweza kuzihesabu. Ungeona ute wa machozi. Na ndani ya jicho la kushoto ungeliona doa jeupe, kubwa, angavu, wazi kuliko lilivyowahi kuonekana kwenye kamera ya zamani.

Tusajigwe alikuwa amesimama nyuma ya bega la mumewe. Akatazama kioo cha kamera. Akatazama kompyuta iliyokuwa bado wazi mezani, na picha iliyokuwa pale.

"Gauni hili ni la Pasaka," akasema. "Hii ndiyo ile ya ukutani. Mbona ya ukutani jicho ni jeusi?"

Mume akanyoosha mkono kuifunga kompyuta.

"Baba Subi, nakuuliza."

"Nililipaka," akasema. "Nililifuta mimi."

Mama akamwinua mtoto, akamkumbatia. Akasema polepole, "Miezi yote hii naliona jicho la mwanangu linameta. Kisha naitazama picha yako naona jicho zima. Nikasema basi macho yangu ndiyo mabovu. Nikamwomba Mungu aniponye mimi."

Saa ikafika sita. Mwenye duka akauliza, "Unachukua au namwachia huyu?" Walikuwa wameshatoka, baba mbele, anakimbia na mtoto kifuani, mama nyuma yake na kompyuta.

Hospitali ya rufaa, daktari alimulika jicho lile muda mrefu, akaita mwenzake, naye akamulika. Kisha akawakalisha wazazi. Akawaambia ni saratani, ile inayoanzia kwenye jicho la mtoto mdogo. Akauliza, "Mliiona lini mara ya kwanza?"

Baba alikuwa na neno mdomoni tayari. "Juzijuzi tu." Lilikuwa neno jepesi, na nani angejua? Akalimeza. Akafungua kompyuta mbele ya daktari, akamwonyesha tarehe iliyoandikwa na kamera yenyewe. "Pasaka," akasema. "Miezi saba. Kila doa nimelifuta kwa mkono wangu."

Daktari hakumkaripia. Alisema tu, "Mngekuja Pasaka, huenda jicho tungeliokoa. Sasa tujitahidi kumwokoa mtoto."

Wakamwokoa. Subilaga yu hai, anasoma darasa la tatu, ni mtundu kweli kweli. Jicho la kushoto ni la bandia. Nyumba yao iliezekwa mwaka uliofuata, na baba anaendelea na kazi kwa kamera ileile ya zamani, aliyoirudia baadaye kwa fundi. Nilimuuliza kama hatamani mpya. Akanijibu, "Natamani, mchungaji. Labda nitanunua siku moja. Lakini sifuti tena kitu kabla sijakiuliza kimetoka wapi."

Sasa tugeuke kwetu.

Msitoke hapa mkisema mchungaji amekataza kununua vitu vipya. Sijakataza. Kifaa kipya si dhambi. Dhambi ya mtu yule haikuwa kuitamani kamera. Kamera ya zamani ilimwambia kweli, akaiita mbovu. Mkewe alimwambia kweli, akamnyamazisha kwa uongo alioutengeneza mwenyewe na kuutundika ukutani. Je, sisi tuna nini ukutani? Mtoto amebadilika, haongei tena mezani, nasi tunasema ni ile shule, tumhamishe. Mke ananyong'onyea, tunasema ni hii nyumba, tuhame. Mwili unauma mwaka wa pili, tunasema ni godoro. Tunabadilisha godoro! Na yule mmoja nyumbani aliyeona vizuri, tumemfanya ajione ana wazimu.

Msidhani nawasema ninyi peke yenu. Mwaka jana mabenchi ya nyuma yalipoanza kubaki matupu, tulikaa kikao hapa tukakubaliana kwamba vipaza sauti vimezeeka. Si kweli? Tukanunua vipya. Leo sauti yangu inafika hadi barabarani, na mabenchi yale, geukeni myatazame, bado ni matupu.

Mzee mmoja wa kanisa aliniambia sababu. Alinifuata ofisini akasema, "Mchungaji, familia ile iliyokaa mabenchi ya nyuma iliondoka siku ulipomsema marehemu wao kaburini mbele ya watu." Nilimwambia, "Mzee, umezeeka, unasikia vibaya." Na kwenye taarifa ya mwaka nikaandika kwa mkono wangu kwamba familia ile imehama. Ndugu zangu, hawajahama. Wako hapo ng'ambo ya mto. Nguo zao zimeanikwa, ukisimama mlangoni unaziona.

Mzee yule amekaa hapa mbele. Mzee wangu, ulisikia sawasawa. Nisamehe.

Leo ibada ikiisha sitasimama mlangoni kuwapa mkono. Nitashuka mtoni, nivuke, nikapige hodi kwa watu wale, na wakinifukuza nitakaa nje mpaka wanisikilize. Mimi nimeshasema ninakokwenda.

Wewe unakwenda kupiga hodi kwa nani?