Sega la Kwanza la Mihambo

Hapo zamani, na asiniulize mtu ni zamani ipi, palikuwa na mrina asali, Mihambo, na mkewe Kalunde. Walimzika mtoto wao wa pekee, Kabula. Tangu hapo Mihambo hali, halali, hasemi.

Asubuhi moja akaamka anacheka! Mizinga yote akampa mdogo wake Nkwabi, na Nkwabi akapokea huku akirukaruka. Mwenge wa kufukizia nyuki akampa rafiki yake Maganga. Kalunde naye alifurahi, kisha moyo ukampiga paa: mrina asali akigawa mwenge, kesho atarina na nini? Akaogopa. Akaogopa hata kuuliza, maana wazee walisema ukikitaja kifo umekiita.

Jioni Maganga akaja anahema. "Shemeji, aliniapisha nisiseme. Kasema amechoka kuishi. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua."

Kalunde akaingia ndani. "Baba Kabula, unataka kujiua?"

"Ndiyo, Mama Kabula." Akalia kilio alichokuwa amekizuia tangu makaburini.

Nkwabi alipopata habari akairudisha mizinga, akahamia hapo. Kaka akienda kisimani, yupo. Kaka akienda porini, yupo. Kwa tabibu wa ng'ambo ya mto walikwenda pamoja, wakarudi, wakaenda tena. Na Kalunde alisikiliza kila kikohozi cha mumewe. Kikichelewa, alikuwa mlangoni.

Miti ya miyombo ikachanua, Maganga akaurudisha mwenge, Mihambo akarina. Sasa, kwa watu wale sega la kwanza halikatwi vipande. Hupewa mtu mmoja tu, aliyeiwezesha nyumba kuuona msimu.

"Ni langu," akasema Maganga. "Nilivunja kiapo changu. Ningenyamaza, leo tungekuwa matangani."

"Ulisema, ukaenda zako kulala," akadakia Nkwabi. "Nani alikaa naye?"

"Si wewe uliyeirukia mizinga?" akasema Kalunde. "Mimi ndiye niliyelitamka lile neno."

"Baada ya kuogopa kutwa nzima, shemeji," akasema Maganga.

Kalunde akaitikia kwa kichwa, maana ni kweli, na hofu ile ingali kifuani mwake. Akamtazama mumewe, asali ikimchuruzika viganjani.

"Basi ale mwenyewe," akasema. "Nilipomuuliza, angeweza kunijibu hapana."

Haya nyie, asali inadondoka na siafu wamekwisha kuinusa. Je, sega lile alistahili nani?