Uyoga Uliokatwa Miguu

Nipakue, nisipakue?

— Pakua, sahani ziko tayari!

Cha kweli au cha uongo?

— Changanya, mradi kiive!

Hapo kale, miti ilipokuwa bado inasalimiana, Mtemi Nyati alikuwa anamwoza binti yake. Mpishi alikuwa Bi Nungunungu. Mtemi akamwambia, "Mgeni mmoja akiumwa tumbo, nakung'oa miiba yote." Na nungunungu bila miiba ni nini, jamani? Panya mnene tu.

Msituni mlikuwa na uyoga wa kichuguu, mtamu kuliko kuku, na uyoga wa kifo. Huu mweupe, ule mweupe. Huu una kofia, ule una kofia. Tofauti iko udongoni: wa kichuguu una mzizi mrefu unaozama kichuguuni; wa kifo umesimama ndani ya kifuko, kama mguu kwenye soksi.

Lakini Mheshimiwa Ngiri, mkuu wa usafi wa ikulu, alikuwa ametoa agizo: uyoga wote ukatwe juu ya ardhi, udongo usichafue mikeka ya Mtemi. Vikapu vikafika vinang'aa. Hakuna mzizi, hakuna soksi.

"Mheshimiwa, upi ni upi?"

"Wote ni safi, Bi Mpishi."

"Sikuuliza usafi. Nauliza kifo."

"Kifo si idara yangu."

"Basi lirudishe agizo lako, wachumaji waanze upya!"

"Agizo hutoka, Bi. Umewahi kuona limerudi?"

Bi Nungunungu akashusha pumzi, miiba ikalia chakacha. Akapika. Akapakua bakuli moja.

"Onja, Mheshimiwa."

"Nimefunga."

"Onja kidogo."

"Jino linauma."

"Lamba mwiko tu!"

"Nina kikao."

Mnacheka? Bi Nungunungu alikuwa hacheki. Akabeba chungu kuelekea kwa Mtemi. "Haya. Mtemi ataonja kwanza. Nitamwambia umeukagua wewe."

Ngiri akaruka, akakipiga chungu teke, mchuzi ukatapakaa mikekani. Akawapigia kelele wachumaji, "Rudini msituni! Mng'oe na mizizi!"

"Na udongo je?"

"Udongo ni ushahidi!"

Mtemi alikuwa amesimama mlangoni. "Kumbe ulijua?"

"Nilijua, Mtukufu, ila mikeka..."

"Basi tangu leo wewe ndiye mkaguzi wa mizizi. Papo hapo ilipo, ardhini."

Harusi ikaliwa, miiba ikabaki mgongoni. Na ukimkuta ngiri porini leo, kapiga magoti, pua udongoni, usimsumbue. Yuko kazini.

Chungu changu kitupu. Mwenye njaa bado, akang'oe mwenyewe, na asikate miguu!

— Hatukati!