Baragumu Lina Tundu Moja

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana walioiona wangali wanapuliza uji wao upoe, palikuwa na kijiji juu ya milima ya Upare kilichoitwa Mwaghesi. Kijiji kile kiliishi kwa ndiva. Ndiva ni bwawa lililochimbwa kwa mikono: kijito hulijaza usiku kucha, asubuhi hufunguliwa, na maji hushuka kwa mfereji, shamba hadi shamba. Aliye juu hunywesha kwanza. Aliye mwisho hungoja.

Aliyekuwa mwisho kabisa ni mama yake Nakijwa.

Sasa, ndiva ya Mwaghesi ilikuwa inavuja. Ilijaa, lakini haikushika. Kila mwaka Mzee Kajiru, mtunza baragumu la kijiji, alilipuliza, na watu wakaacha kazi zao wakaja kwenye msaragambo, ile kazi ya wote ambayo hakuna anayeikwepa. Wakaukandika kwa udongo ukuta wa kusini, kwa sababu babu zao waliukandika ukuta wa kusini. Na maji yakaondoka. Mwaka uliofuata wakaukandika tena ukuta wa kusini. Na maji yakaondoka. Maharage ya mama yake Nakijwa yakachanua na kunyauka, yakachanua na kunyauka.

Mzee Kajiru alikuwa amezeeka, midomo imelegea, pumzi inamwishia nusu ya mlio. Kijiji kikakata shauri kuwapeleka vijana watatu kwenye chuo cha maji kilichokuwa chini tambarare, wasome miaka mitatu. Siku ya kuwaaga, Mzee Kajiru akaliinua baragumu watu wote walione.

"Atakayeifanya ndiva ishike maji," akasema, "hili ni lake."

Na mwenye baragumu ndiye apangaye zamu za maji. Nakijwa alilijua hilo. Alilitazama baragumu, akaliona shamba la mama yake.

Wakaenda watatu: Senzota, Mbonea na Nakijwa.

Senzota alikichukia chuo tangu siku ya kwanza. Alichukia joto, alichukia mbu, alichukia wenzake waliomwita Babu kwa kuwa hakucheka. Kila siku iliyopita alichora mstari kwenye ubao wa kitanda chake, kama mfungwa. Lakini alibaki. Mbonea alikipenda chuo tangu siku ya kwanza. Alicheza mpira, aliimba kwaya, alijua jina la kila mpishi na la mtoto wa kila mpishi. Vitabu alivifungua siku ya mtihani, nao mtihani ukamfunga. Wakamwambia arudie mwaka. Akashukuru kuongezewa mwaka.

Nakijwa yeye alikipenda na kukichukia, kutegemea ni saa ngapi. Asubuhi alipenda maktaba. Mchana alichukia kunakili ubaoni vitu ambavyo havikumwagilia hata mche mmoja. Hadi siku moja, katika mwaka wa pili, mwalimu akamimina rangi ndani ya tangi, akawatuma wanafunzi wakaangalie inatokea wapi. Lilikuwa somo la saa moja. Wenzake waliandika madaftarini. Nakijwa hakuandika kitu. Alikuwa anaiona ndiva.

Akamwomba mwalimu ruhusa ya wiki mbili. Mwalimu, kwa upole kabisa, akamwambia amalize kwanza. Mwaka na nusu si mwingi. Nakijwa akahesabu kwa vidole. Mwaka na nusu ni misimu mitatu ya maharage. Akafunga sanduku lake.

Kijiji kilimpokea kwa kicheko. Wakampa jina, Bi Nusu. Akienda kuteka maji, wanawake wanamuuliza kama ameleta na nusu ndoo.

"Nusu yangu inatembea," akawajibu. "Nzima zenu zimekaa."

Mama yake hakumcheka. Siku moja tu, wakichambua maharage, alimuuliza kama kule chuoni kulikuwa kubaya sana. Nakijwa akasema hapana, kulikuwa kuzuri. Mama akauliza, sasa mbona umerudi? Nakijwa akaokota ganda tupu la haragwe, akamwekea kiganjani.

Alikwenda kwa Mzee Kajiru kuomba apulize, watu waje wachunguze ndiva upande kwa upande. Mzee akakataa. Alisema baragumu haliwaiti watu wazima kwa ajili ya mtoto aliyetoroka darasa. Basi Nakijwa akafanya peke yake. Alichota udongo mwekundu, akaukoroga, akaumimina kwenye kona moja ya ndiva. Kisha akashuka korongoni kukagua kila chemchemi. Maji meupe. Kesho yake kona nyingine, akashuka, maji meupe. Siku kumi alimimina, siku kumi akashuka, siku kumi maji meupe.

Siku ya kumi na moja, chini ya mwamba upande wa kaskazini, chemchemi ikatoka nyekundu kama damu ya kuku.

Kaskazini! Kulikuwa na mzizi wa kale uliooza ndani ya ukuta ukaacha njia, na maji yalikuwa yanapita humo tangu enzi za babu, huku wajukuu wakikandika kusini. Nakijwa akapanda mlima na kibuyu cha maji mekundu, akakiweka mbele ya wazee. Wazee wakachungulia. Wakasema ni tope. Wakaukandika ukuta wa kusini. Na maji yakaondoka.

Ndipo Senzota akarudi, cheti ndani ya bahasha. Akapewa kiti, akapewa maziwa. Alipouliza habari za ndiva, mama yake Nakijwa akamwonyesha binti yake. Senzota hakucheka, maana hakuwa na mazoea hayo. Alikwenda kuangalia, akapima siku tatu kwa kamba na vigingi. Nakijwa alitaka wachimbe palepale alipoweka alama. Senzota akaving'oa vigingi, akavisogeza hatua nne kando.

"Ukichimba pale, dada, ukuta wote unatulalia," akasema. "Hapa, na usizidi kimo cha mtu mmoja."

Kisha akamwonyesha Mzee Kajiru cheti, na Mzee Kajiru akapuliza. Maji mekundu yalikuwa yaleyale, mwamba uleule. Kipya kilikuwa karatasi. Nakijwa aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Wakachimba. Njia ya mzizi ilikuwa pana kuliko walivyodhani, na watu walikuwa wachache. Nusu ya nguvu za Mwaghesi ilikuwa imeshuka kwenye mashamba ya mkonge. Ukuta ulikuwa wazi, na mawingu ya vuli yalikuwa yameshakaa kileleni. Mvua ingeukuta ukuta wazi, ndiva nzima ingeshuka na mashamba yote, la juu hadi la mwisho. Nakijwa akatuma mtu mbio kwa Mbonea chuoni.

Ujumbe ulifika siku moja kabla ya mtihani wake wa marudio, nafasi yake ya mwisho.

Siku ya pili asubuhi wakasikia nyimbo njiani. Alikuwa Mbonea, na nyuma yake wanafunzi arobaini wa mwaka wa kwanza na wa pili, majembe mabegani. Senzota akamuuliza habari za mtihani.

"Umeanza saa mbili," Mbonea akasema, akashuka shimoni.

Siku tatu udongo wa mfinyanzi ulipita mkono hadi mkono, kwa nyimbo za kwaya. Siku ya tatu njia ikazibwa na ukuta ukasimama. Siku ya nne mvua ikanyesha. Ndiva ikajaa, ikashika. Asubuhi wakaifungua, na maji yakashuka shamba hadi shamba hadi la mwisho, ambako mama yake Nakijwa alisimama katikati ya mfereji, upindo wa kanga umelowa, asitake kutoka.

Basi baragumu likawekwa juu ya jiwe kando ya ndiva, na watu wakaketi.

Senzota akasema: "Mimi nilikichukia chuo kila siku niliyokaa, nikabaki. Anayebaki mahali anapofurahi hana cha kujisifia. Bila vipimo vyangu, leo mngekuwa mnafukua maiti. Na bila cheti changu, Mzee, ungelipuliza?"

Mbonea akasema: "Mnasema nilicheza. Nilicheza. Nionyesheni sasa cheti kinachobeba udongo. Wale arobaini hawakuja kwa ajili ya Senzota. Hata jina lake hawalijui, wanamwita Babu. Walikuja kwa sababu nilikula nao. Na mtihani wenyewe nimeuacha, chuo hakitanipokea tena."

"Ungeufeli," Senzota akasema.

"Huenda. Sasa hatutajua kamwe, na hicho ndicho nilichokitoa."

Nakijwa akasimama. Hakuinamisha kichwa.

"Sikutoroka," akasema. "Niliondoka mchana, kwa mlango, sanduku kichwani. Msinisamehe, sijaomba. Chuo kilinipa saa moja iliyonifaa, nikaileta nyumbani kabla haijapoa. Senzota alipima shimo nililomwonyesha. Mbonea aliziba shimo nililomwonyesha. Kama ningengoja nimalize, mngekuwa bado kusini mnakandika. Nipeni baragumu. Au mniambie mbele ya mama yangu kwamba maji yaliyomlowesha yaliletwa na karatasi."

Mwanamke mmoja, wa wale wa nusu ndoo, akasema apewe. Mzee mwingine akapinga: akipewa aliyeondoka, ni mtoto gani atakayemaliza tena? Wote watarudi na saa moja moja, na si kila saa ina ndiva ndani yake. Wa tatu akauliza: na akipewa Senzota, si tutawafundisha watoto kwamba elimu ni adhabu ya kutumikiwa? Wa nne akacheka, akasema mpeni Mbonea, angalau msaragambo utakuwa na nyimbo. Hakuna aliyecheka naye.

Maneno yakazunguka hadi jua likazama, na asubuhi yakawakuta walewale, palepale. Mvua imeujaza mfereji matope, lazima uzibuliwe leo, na watu hawatoki mpaka baragumu lilie. Mzee Kajiru hana tena pumzi. Jua linachomoza. Mikono mitatu imenyooshwa juu ya jiwe, na mmojawapo una udongo mwekundu kwenye kucha.

Usiniambie wapokezane. Baragumu lina tundu moja, na zamu za maji hupangwa na kinywa kimoja.

Aliyevumilia hadi mwisho, aliyefurahi hadi mwisho, au aliyeukataa mwisho? Wewe unayenisikiliza, jiwe liko mbele yako: je, nani alistahili?