Punda Chini ya Masizi

Mama mwenzangu, isome yote, kisha mpe mwenye mtoto mgonjwa.

Usiku kucha Sekela alisikia kifua cha mwanawe Lugano kikipiga mluzi. Hakulala. Moyo wa mtoto ulikuwa na tundu, hospitali ya Dar ilishampa tarehe ya upasuaji, na yeye tangu azaliwe huko Rungwe hajawahi kufika mbali kuliko Mbeya mjini, ataanzia wapi? Mama mkwe alishasema mtoto akae nyumbani, aombewe.

Kulipokucha alimbeba mtoto mgongoni, akakimbilia kanisani kwa Mwalimu Asajile, aliyekuwa mwinjilisti pale kwa miaka thelathini, amwambie aende au akae.

Mwalimu alimwonyesha picha kubwa ya ukuta wa nyuma, iliyoachwa na wamisionari: mlima, mawingu ya dhoruba, bonde lisilo na mtu. Kila mwenye shida alifafanuliwa hiyo hiyo. Mungu ni ule mlima, dhoruba inapita, mlima haukimbii, basi nawe tulia ulipo.

Sekela akajibwaga chini ya picha, kwenye mkeka wa wanaonyonyesha, machozi yanamtoka, mtoto anahema. Akainua macho. Kona ya chini ilikuwa nyeusi tii kwa masizi ya mishumaa waliyoiwasha hapo kila Jumapili, eti kuiheshimu picha. Ndani ya weusi ule aliona kitu kama kwato. Akalowesha ncha ya kanga kwa mate, kama anavyomfuta mwanawe uso, akasugua polepole.

Akatokea punda. Juu yake mwanamke mdogo kama punje ya mchele, kajikunja, kakumbatia kitoto. Mbele yao mwanamume anavuta kamba.

"Mwalimu, hawa ni nani?"

Mwalimu alivaa miwani, akapiga magoti, akaisogelea kona ile.

"Mariamu na Yusufu," alisema. "Wanamkimbizia mtoto Misri, Herode asimuue."

"Kwa hiyo Mungu hayuko mlimani?"

"Yuko kifuani kwa mama yake. Anabebwa."

"Na mama anaogopa."

"Anaogopa, na anakwenda. Kafunge mzigo, mwanangu. Mkweo niachie mimi."

Kesho yake Mwalimu mwenyewe alimbebea begi mpaka stendi.

Miezi miwili baadaye Sekela alirudi. Lugano, tundu la moyo limeshazibwa, alikuwa amelala mgongoni, kifua hakipigi tena mluzi. Kanisani alikuta picha imesafishwa yote, mishumaa imehamishiwa mbali, na Mwalimu anahubiri habari za punda kwa madaha, utadhani alimfuga yeye.

Baada ya ibada alimvuta Sekela pembeni. Alinong'ona kwamba wazee wa kanisa wakijua amerekebishwa na mate ya binti wa juzi, watamcheka mpaka Krismasi.

Sekela aliuma kanga asicheke.

"Nimemwambia Lugano tu, Mwalimu. Mwingine simwambii."

Funzo: Kuamini si lazima kutulia pale ulipo; Mungu mwenyewe aliwahi kubebwa njiani na mama mwenye hofu, basi mbebe mwanao uende, hofu yako ikiwa nawe hivyo hivyo.