Kindi na Kichwa cha Farasi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga, wakioana na kugombana kama sisi, Kindi aliletewa habari kwamba mama yake anaumwa ng'ambo ya mbuga. Na mvua ilikuwa imekaribia. Mto wa njiani ukijaa, basi, havuki mtu mpaka msimu upite!

"Nitafika," akasema Kindi. "Hata iweje, nitafika."

Lakini miguu yake mnaijua, wanangu. Mifupi! Akatafuta mnyama wa kumpanda. Punda alikubali, akaenda hatua tatu, akagoma. Ngamia naye alimbeba, ila kila akiyumba, Kindi chini, pu! Akajipangusa vumbi, akaenda kwa Fisi na Ngiri.

Hao walikuwa na farasi wa shirika. Asubuhi anapandwa na Fisi, jioni anapandwa na Ngiri. Na chakula je? Fisi anasema ni zamu ya Ngiri, Ngiri anasema ni zamu ya Fisi. Farasi wa watu mbavu nje!

"Hodi! Shikamooni," Kindi akaamkia. "Naomba mniazime farasi wenu siku mbili tu. Mama yangu mgonjwa."

"Ebo! Kidude kama wewe umpande farasi?" Fisi akacheka hadi akakaa chini.

Kindi moyo ulimuuma, lakini hakuondoka. "Basi niingizeni kwenye shirika. Mgongo wenu, miguu yenu, mkia wenu. Mimi nipeni kichwa tu."

"Kichwa?" Ngiri akashangaa. "Si ndicho kinachokula?"

"Ndicho. Nitakilisha mimi."

Fisi akamnong'oneza mwenzake, "Tumepata mjinga! Kubali upesi." Wakamwita Kobe awe shahidi, wakaapa: kichwa ni cha Kindi, asikiguse mwingine.

Siku ile ile Kindi akakata majani, akateka maji. Farasi akala mpaka tumbo likajaa.

"Asante, dada," akasema. "Mara ya mwisho kushiba hata siikumbuki."

Asubuhi Fisi akaja na tandiko, tayari kupanda. Akashika hatamu.

"We! We! Toa hatamu kwenye kichwa changu!" Kindi akapiga kelele.

"Sasa nitamwendeshaje?"

"Mgongo si unao? Uendeshe huo huo."

Fisi akamwita Ngiri, Ngiri akamwita Kobe. Kobe akatoa shingo taratibu. "Mliapa mbele yangu," akasema. "Kichwa ni cha Kindi."

Kindi akaruka, vup! Akakaa katikati ya masikio, hatamu mkononi. "Kaka Farasi, nipeleke kwa mama!"

"Hata sasa hivi!"

"Tuachieni mgongo wetu!" Ngiri akafoka.

"Sijaukalia," Kindi akajibu. "Ukitaka kubaki, na ubaki."

Haya, mgongo ulibaki? Thubutu! Ulifuata kichwa, na miguu, na mkia, tatata tatata tatata! Wakavuka mto maji yakiwa magotini, na jioni ile mama Kindi akanywa uji kutoka mikononi mwa mwanawe.

Fisi na Ngiri wamebaki pale wamekumbatia tandiko, nami nawaachia ninyi neno hili: asiyetaka kulisha asilie akinyimwa kupanda.